Kabla ya kuchagua chombo cha kujaribu JavaScript, tazama simu za wateja

Mteja wangu mwenye nyumba za wageni Nyali, Mombasa, ambaye nilimtengenezea tovuti ya kuweka nafasi, alinipigia Desemba, msimu umepamba moto: “Mwanangu, mgeni yuko hapa mbele yangu. Abonyeza, abonyeza, kitufe hakisikii.”

Mgeni alikuwa na iPhone 7. Simu hiyo iliishia iOS 15, na Safari, kivinjari chake, haikuielewa alama `(?<=` ndani ya regeksi (kanuni ya kutafuta ruwaza kwenye maandishi) hadi toleo 16.4, Machi 2023. Nami nilikuwa nimeiweka kwenye mstari wa kukagua namba ya simu. Mstari mmoja tu, lakini kivinjari kikishindwa kusoma sintaksia, yaani jinsi msimbo ulivyoandikwa, hukataa faili zima la JavaScript, ndiyo maana hata kalenda ilikufa. Yule mama alipoteza mgeni wa siku nne kwa kosa langu, na liliniuma.

Kwa hiyo usianze kwa kulinganisha vyombo. Fungua takwimu za tovuti, andika vivinjari vinavyokuletea wateja, na matoleo. Kwangu ilikuwa Chrome ya Android, Safari ya iPhone, na Firefox kidogo.

Kwa orodha hiyo nilichukua Playwright ya Microsoft, chombo cha kujaribu tovuti kiotomatiki, iliyotoka 2020. Jaribio lilelile huliendesha kwenye Chromium (msingi wa Chrome), Firefox na WebKit (injini ya Safari), hata kwa laptopu ya Linux, huhitaji Mac. Tena husubiri kitufe kiwe tayari ndipo ikibonyeze, basi hutapachika sekunde za kungoja kila mahali. Anza na amri `npm init playwright@latest`, ila shusha vivinjari vyake ukiwa kwenye Wi-Fi. Vinakula bando vibaya.

Selenium ni kongwe, ya 2004. Ichague ukitaka kuendesha Safari yenyewe kwenye Mac, au kama timu tayari ina majaribio yake. Cypress, chombo kingine, hukuonyesha kila hatua vizuri sana, lakini msaada wake wa WebKit bado haujakomaa, nami siwezi kuutegemea.

Hata hivyo, Playwright isingenikamatia kosa lile. WebKit yake huwa ya karibuni, wala si Safari yenyewe. Nikanunua iPhone 7 ya mtumba, na kila toleo jipya la tovuti hulipitisha hapo kwa mkono. Mwenye bajeti ya kila mwezi anaweza kukodi simu halisi kupitia BrowserStack.

Jaribio la kwanza liwe la njia ya pesa: chagua tarehe, jaza namba, bonyeza, ona ujumbe wa kuthibitisha. Menyu na picha zitasubiri.