Kabla Hujahifadhi Priseti: Maandalizi ya Mpiga Picha wa Harusi

Msimu wa harusi ukikaribia, wapiga picha hununua betri za akiba, husafisha lenzi na kutafuta msaidizi. Priseti, yaani mipangilio ya kuhariri iliyohifadhiwa ili itumike tena kwenye picha nyingine, husahaulika. Halafu harusi tatu zinafuatana, mteja wa kwanza anapiga simu kila asubuhi, na mhariri yuko mbele ya kompyuta akisogeza slaida zile zile, vile vitelezi vya kurekebisha mwanga na rangi, kwenye picha ya mia saba. Au ana priseti, lakini kila akiibofya inabidi atumie dakika nyingine kurekebisha ilichoharibu. Huyu wa pili ndiye ninayemwandikia zaidi. Nitaeleza kwa kutumia Lightroom Classic, programu ya kuhariri picha ya Adobe, kwa sababu ndiyo iliyozoeleka kwa watu wa harusi, ingawa mengi yanafaa pia kwenye Capture One na darktable, ambayo hupakuliwa bure na huziita seti hizi mitindo.

Kwanza uelewe unahifadhi nini. Priseti ni faili dogo la maandishi lenye majina ya slaida na namba zake. Tangu toleo la 7.3 la Aprili 2018, mafaili hayo ni ya aina ya XMP, na unaweza kulifungua moja kwa Notepad ukasoma kilichomo. Ukibofya priseti, programu inachukua kila namba na kuiweka mahali pake, ikiifuta iliyokuwepo. Haijumlishi. Ikiwa umeshainua vivuli hadi 60 na priseti imebeba 20, utabaki na 20. Hata sifuri ni namba: priseti iliyohifadhiwa na mwangaza wa 0 itaurudisha kwenye sifuri mwangaza uliokwisha kuurekebisha kwa mkono. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi ni kuamua nini kisiingie.

Kabla ya hapo, iangalie skrini. Mwangaza wa laptopu ukiwa juu kabisa, kila picha inaonekana imeng'aa kupita kiasi, nawe utaishusha. Priseti itarithi giza hilo na kuligawa kwa harusi nzima. Zima ile hali ya usiku inayoipa skrini umanjano jua likizama. Ipo kwenye Windows na kwenye Mac, na mara nyingi hujiwasha yenyewe kwa saa iliyopangwa. Ukiweza kuazima kifaa cha kusawazisha rangi za skrini, azima. Usipoweza, shusha mwangaza hadi karibu nusu, kaa mahali ambapo mwanga haubadilikibadiliki, kisha linganisha skrini na picha chache zilizosafishwa kwenye studio unayoiamini. Si kipimo cha maabara, lakini kitakuonyesha kama unadanganywa sana au kidogo.

Halafu kusanya picha za kufanyia majaribio. Kosa la kawaida ni kutengeneza priseti juu ya picha moja nzuri, ya bibi harusi kivulini saa kumi na moja jioni, ambayo ingependeza hata bila kuguswa. Tafuta zile zinazokusumbua: jua la saa saba mchana, ukumbi wenye taa za zambarau, kanzu nyeupe iliyopigwa na jua, suti nyeusi iliyomezwa na kivuli, mikono yenye hina, familia ya watu wenye ngozi za aina nyingi wamesimama mstari mmoja. Ongeza picha moja au mbili za JPEG (faili ambalo kamera au simu imeshalichakata), maana ndugu wa bwana harusi hakosi kuleta za simu yake akitaka zifanane na zako. Zitengenezee nakala pepe, zinazobeba marekebisho tu bila kuongeza faili jipya, ili picha zenyewe zibaki salama.

Sasa visanduku. Ukiwa kwenye sehemu ya Develop, ukibonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja (kwenye Mac ni Command badala ya Ctrl), linafunguka dirisha lenye visanduku vya tiki. Wengi huviacha vilivyo au huvichagua vyote. Futa tiki zote, kisha rudisha moja moja ukijiuliza kama jambo hilo litakuwa sahihi kwenye picha zako zote za majaribio.

Mwangaza wa jumla ubaki nje, kwa sababu unategemea ulivyopiga. Joto la rangi, yaani jinsi picha inavyoelekea umanjano au ubluu, nalo libaki nje, na hapa kuna sababu ya kiufundi isiyosemwa sana. Kwenye RAW, faili ghafi la kamera, joto linapimwa kwa Kelvin, tuseme 5500. Kwenye JPEG, slaida hiyo hiyo inatoka hasi 100 hadi 100, kwa kuwa kamera ilishaamua joto na kulifunga ndani ya faili. Namba ya upande mmoja haina maana upande wa pili. Ninachokubali ni priseti ndogo ya joto peke yake kwa ukumbi unaofanyia kazi mara kwa mara na unaozijua taa zake.

Profaili ya rangi, yaani jinsi programu inavyozitafsiri rangi za kamera, inahitaji uangalifu zaidi. Adobe Color na Adobe Portrait zinafanya kazi na RAW za kamera nyingi, lakini zile profaili zinazoiga rangi za kamera zimefungwa kwenye kamera husika. Wewe unapiga kwa Canon, msaidizi wako ana Sony, na priseti yako imebeba profaili ya Canon. Kwenye picha za msaidizi, priseti hiyo itafifia au haitaonekana kabisa, na watu huanza kuitafuta wakidhani imefutika. Kwenye mapendeleo (Preferences), sehemu ya priseti, kuna kisanduku cha kuonyesha zile zisizooana kikamilifu; kiwashe ili angalau ujue ipo. Kwa kazi ya watu wawili, tumia profaili ya Adobe au usiweke profaili.

Marekebisho ya lenzi yanaruhusiwa, mradi umeiacha programu iitambue lenzi yenyewe. Ukiwa umechagua lenzi kwa mkono wakati wa kutengeneza, chaguo hilo linaweza kuhama na priseti hadi kwenye picha za lenzi nyingine.

Chenga, zile punje zinazojaa picha ikipigwa kwenye mwanga hafifu, zina njia yao. ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga, na picha ya ISO 100 na ya ISO 6400 haziwezi kupewa kiwango kimoja cha kuondoa chenga: ya kwanza italainika bure na ya pili haitapona. Tangu Juni 2020, toleo la 9.3, Lightroom Classic inaweza kutengeneza priseti inayofuata ISO. Chukua picha mbili au zaidi kutoka kamera yako zenye ISO tofauti, zirekebishe kila moja inavyostahili, zichague zote kwa pamoja, kisha tengeneza priseti. Kisanduku cha ISO kitatokea kwenye dirisha. Picha ikija na ISO iliyo katikati, programu inajikokotolea kiwango chake. Binafsi naona hii ndiyo priseti yenye faida kuliko zote kwa mtu anayeanza mchana nje na kumaliza usiku ukumbini, na ndiyo isiyotengenezwa na mtu.

Kuna kisanduku kingine kinachohusu slaida ya kiasi, iliyoingia Juni 2022 na toleo la 11.4. Kikiwa na tiki, unaweza kuipunguza priseti hadi 0 au kuizidisha hadi 200 kwa mvuto mmoja. Usipoweka tiki, slaida hiyo itakuwa imezimwa. Weka.

Maski za brashi, yaani maeneo uliyoyapaka kwa mkono ili yarekebishwe peke yake, usihifadhi, kwani zitatua pale pale zilipokuwa hata kama uso umehamia upande wa pili wa picha. Zile zinazomtafuta mtu au anga zenyewe zinahifadhika, kwa kuwa programu hutafuta upya kwa kila picha. Utafutaji huo una gharama. Laptopu yenye kumbukumbu ndogo itakokota ukizimwagia mamia ya picha kwa mkupuo, hivyo ziache kwa picha za albamu.

Na ngozi. Priseti nyingi zinazouzwa mtandaoni zinashusha ukolezo wa rangi ya chungwa na kupandisha mwanga wake, kwa kuwa zimepikwa kwa ngozi nyeupe chini ya mwanga wa nchi za baridi. Sehemu kubwa ya ngozi nyeusi na ya maji ya kunde iko kwenye chungwa na nyekundu. Ukiishusha chungwa, ngozi inapauka na kuwa ya kijivu. Ukiipandisha mwanga, uso unapoteza umbo na jasho la paji la uso linageuka doa jeupe. Habari hii ni ya zamani kuliko priseti: kwa miongo mingi maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizoitwa Shirley, na ngozi nyingine zilitoka zilivyotoka.

Kwa harusi zetu kuna hasara ya pili. Hina iko kwenye rangi zile zile. Priseti inayofifisha chungwa inaifuta kazi ya usiku mzima ya mpaka hina, na bibi harusi atakuuliza. Acha chungwa karibu na sifuri, rekebisha mwanga wa ngozi kwa vivuli na kontrasti, na ukitaka hisia ya filamu, itafute kwenye kijani na bluu. Hata huko usizidishe. Kijani kikipelekwa kwenye rangi ya zeituni, sare za kitenge za kamati ya akina mama zinabadilika rangi, na wenye sare wanajua walinunua kitambaa gani. Angalia pia umanjano unaotiwa kwenye sehemu za mwanga mkali, maana kanzu itaonekana haijafuliwa. Ijaribu priseti kwanza kwa ngozi nyeusi zaidi iliyomo kwenye picha zako, kisha ndiyo uende kwa wengine.

Ukishaamua hayo, usirundike kila kitu kwenye priseti moja. Gawa kazi ili kila priseti iguse slaida zake peke yake, na hapo unaweza kuzipachika moja juu ya nyingine bila ya pili kuifuta ya kwanza. Mimi ninayo ya msingi, yenye profaili, lenzi na kontrasti, za ngozi, moja ya nje na moja ya ukumbini, ya chenga, na ya nyeusi na nyeupe. Zianze na namba, 01, 02, 03, kwa sababu programu huzipanga kwa alfabeti. Jina liseme kazi. Mtu mwenye "mpya", "mpya kabisa" na "mpya ya kweli" hatajua atumie ipi mwezi wa kumi na mbili. Kubadilisha jina la faili ndani ya folda hakusaidii pia, kwa kuwa jina linaloonekana limeandikwa ndani ya faili. Libadilishie kwenye programu. Makundi ya Adobe usiyoyatumia yafiche kupitia menyu ya kusimamia priseti, inayofunguka kwa alama ya kujumlisha.

Ukiboresha priseti baadaye, bofya kulia juu yake na uchague "Update with Current Settings", lakini visome visanduku upya kabla ya kukubali, maana hapo ndipo mwangaza na joto hupenya kimyakimya. Picha ulizokwisha kuhariri hazitabadilika. Hata ukiifuta priseti yenyewe, picha zinabaki na namba zake, hivyo usiogope kupunguza zilizozidi.

Nakala ya akiba ndiyo inayoliza watu. Ile nakala ya katalogi, hifadhidata inayotunza marekebisho yako, inayoombwa na Lightroom unapofunga haichukui priseti. Kwenye Windows zinakaa ndani ya AppData, Roaming, Adobe, CameraRaw, Settings, na AppData ni folda iliyofichwa, kwa hiyo fundi anayepiga Windows upya akikuokolea picha na nyaraka zako hataiona. Kwenye Mac ziko chini ya Library, Application Support, kisha Adobe. Bofya kulia juu ya kundi, toa kundi zima kama faili la zip, uliweke kwenye flashi na ulitume kwenye barua pepe yako. Zip hiyo hiyo ndiyo utakayompa msaidizi. Muulize kwanza ana toleo gani: Lightroom 6 ya 2015, ambayo bado imo kwenye kompyuta nyingi, haizisomi priseti za XMP. Na kama unahariri kwenye simu, ujue kwamba Classic haizipeleki huko yenyewe. Ziingize kwenye ile Lightroom nyingine, ya wingu, kwa akaunti yako, nazo zitashuka kwenye simu.

Ukinunua za watu, au ukitumiwa kwenye kundi la Telegram, tazama aina ya faili. Priseti ni XMP, DNG, zile za zamani za lrtemplate, au zip yenye hizo. Yenye EXE au APK ni programu, si priseti. Ifute bila kuifungua. Soma pia masharti, kwani nyingi zinaruhusu utumie wewe na zinakataza kugawa.

Mwisho ni dirisha la kuingizia picha, ambako unaweza kuchagua priseti ijipachike yenyewe kwa kila picha inayoingia. Weka ile ya msingi peke yake. Ngozi na joto subiri hadi uzione picha, kwa sababu hujui mpambaji amefunga taa za rangi gani.