Kamera ya mikutano: pima chumba kwanza

Kabla ya kuingia duka la kompyuta pale Oginga Odinga Street, Kisumu, chukua tepu upime vitu viwili ofisini: umbali kutoka kamera itakapokaa hadi viti vya mbele, na upana wa watu wakiwa wameketi.

Digrii zilizoandikwa kwenye boksi, yaani upana ambao kamera inaona, mara nyingi hupimwa kona hadi kona, wala si kushoto hadi kulia. Ndiyo maana kamera huona kidogo kuliko ulivyotarajia. Kwa picha pana ya kawaida ya 16:9, zidisha umbali wako hivi upate upana utakaoonekana: digrii 78, mara 1.4; digrii 90, mara 1.7; digrii 120, mara 3. Tuseme watu wanne wamejipanga kwa upana wa mita 2.5, na kamera iko mita 1.5 mbele yao. Ya 78 inafika mita 2.1, kwa hivyo wa pembeni wanakatwa bega. Ya 90 inawatosha kwa kubanana. Ya 120 inawameza wote pamoja na kuta, lakini aliye mwisho wa meza ndefu anabaki kadoa tu. Meza ikipita mita 4, tafuta kamera inayovuta picha karibu kwa lenzi yenyewe. Kuvuta kwa programu ni kukata picha tu.

Kwa ukali wa picha, 1080p inatosha. 4K, iliyo kali zaidi, ina faida pale kamera inapokata picha kumfuata msemaji, basi. Hata hiyo 1080p, programu ya mikutano ya Zoom inataka megabiti 3.8 kwa sekunde za kupandisha, yaani kutuma, na wauzaji wa intaneti hupenda kutaja kasi ya kushusha.

Mwanga ndio unaoharibu mikutano mingi. Dirisha linaloangalia ziwa, saa kumi jioni, hugeuza kila aliyeketi mgongo ukiwa dirishani kuwa kivuli cheusi, na hakuna kamera ya bei yoyote itakayoliponya hilo vizuri. Weka kamera upande wa dirisha, usawa wa macho ya aliyeketi. Ukiona mistari ikipanda na kushuka kwenye picha chini ya taa, ingia kwenye mipangilio ya kamera: huenda imewekwa 60 Hz, ilhali stima yetu ni 50 Hz (mitetemo kwa sekunde), basi iweke 50.

Kebo ya USB ya kawaida isizidi mita 5. Ya USB 3, mita 3. Ukiunganisha vipande viwili kupita hapo, kompyuta inaweza kuipoteza kamera katikati ya mkutano. Kwa sauti, nunua spika ya mezani yenye maikrofoni. Maikrofoni ya kamera humfanya aliye mita 3 asikike kama yuko ndani ya mtungi, na mvua ikipiga mabati hasikiki kabisa.

Dukani, chomeka kamera kwenye laptopu yako mwenyewe na upige simu ya video kwa mtu aliye ofisini. Muulize anaona nini, kwa sababu picha unayoiona wewe bado haijapita mtandaoni.