Kuhoji kaya za wakulima kuhusu ziada na upotevu wa mahindi: anza na gunia

Kijana mmoja aliniomba nimpitishie dodoso lake kabla hajaenda Kongwa, mkoani Dodoma. Maswali safi, ila la kwanza lilikuwa "ulivuna kilo ngapi?" Kijijini watu huvuna magunia na madebe, na hapo ndipo tafiti nyingi huharibikia. Mifano yangu ni ya huko, kwenye mvua ya msimu mmoja. Kwenye vuli na masika, uliza kila msimu peke yake.

1. Vibali na orodha

Barua ya mkurugenzi wa halmashauri, kata, mtendaji wa kijiji. Orodha ya kaya ihakikishe na wenyeviti wa vitongoji, kisha chagua kwa bahati nasibu wewe mwenyewe. Ukiacha wengine wakuchagulie, utahoji wenye maghala tu.

2. Vipimo vya kijiji

Hapa usikimbie. Kabla ya kuhoji kaya hata moja, nenda mashineni au kwa dalali na mizani ya kuning'iniza. Pima debe likiwa limesawazishwa kwa ubao, kisha likiwa na kilima. Pima na sado, maana wengine huuza kidogo kidogo kwa sado mpaka gunia linaisha. Hesabu ya mdomoni ni debe sita kwa gunia la kilo 100; usiiandike kabla hujapima.

Gunia lenyewe lina maswali matatu, na yote yawe kwenye fomu:

- "Lilimeza debe ngapi?" Usiulize kama ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Watu wanajua Wakala wa Vipimo inaikataza, kwa hiyo watakujibu "gunia la kawaida" huku limeshonewa kichwa.
- "Yalikuwa yamepukuchuliwa, au bado na magunzi?" Gunia la mahindi yenye magunzi halitoi gunia la punje. Omba moja, lipukuchue, pima.
- "Mlipima yakiwa yamekauka?" Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20, zikikaushwa hadi asilimia 13.5, hubaki karibu kilo 92.5. Zile 7.5 ni maji. Nimeona ripoti zikiziita upotevu.

Andika jibu kwa kipimo cha mkulima, ubadilishaji ufanyike baadaye. Mdadisi akianza kupiga hesabu kichwani juani saa nane mchana, data imekufa. Mimi natumia KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, inafanya kazi bila mtandao: kisanduku cha idadi, cha kipimo, cha hali ya zao. Karatasi sizitaki tena.

3. Ziada

Usiulize "mna ziada?" Kaya huuza Julai kwa sababu ya ada na madeni, ikanunua mahindi hayohayo Januari kwa bei ya juu. Aliyeuza si lazima alikuwa nayo. Piga mizania: yaliyokuwepo kabla ya mavuno, yaliyovunwa, yaliyonunuliwa, ya kibarua na zawadi; toa yaliyoliwa, yaliyouzwa, mbegu, malipo ya vibarua, pombe, kuku. Yasipolingana na yaliyobaki ghalani, uliza tu, "Mengine yalikwenda wapi, mzee?" Kwa yaliyoliwa muulize mama: "Debe moja mnalila siku ngapi?" Baba atakisia.

Jitambulishe vizuri. Anayedhani umekuja kwa ajili ya ushuru atapunguza, na anayedhani ni orodha ya chakula cha msaada atapunguza zaidi.

4. Upotevu

Uliza kwa hatua: shambani, kupiga na kupukuchua, kusafirisha, ghalani. Swali moja la jumla hukupa malalamiko bila kipimo.

Kwa ghalani, chukua sampuli. Ingiza bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka, juu, katikati na chini ya gunia, lakini kamwe usitoboe mfuko usiopitisha hewa kama PICS. Subiri siku mwenyewe anapoufungua kuchota. Changanya, hesabu punje 500, tenga nzima na zilizotobolewa, pima kila fungu.

Mfano: nzima 400 zina gramu 140, zilizotobolewa 100 zina gramu 24. Zidisha 140 kwa 100, toa 24 mara 400, unabaki na 4,400. Gawanya kwa 140 mara 500, yaani 70,000. Upotevu wa uzito ni asilimia 6.3. Mkulima atakuambia punje moja kati ya tano imeliwa, na ni kweli, ila hiyo si asilimia 20 ya uzito.

Njia hii ina kasoro kwa dumuzi, yule mdudu wa ghalani aliyeripotiwa kwanza barani Afrika huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Punje aliyoigeuza unga wote haihesabiki, kwa hiyo chekecha na pima unga peke yake. Halafu kumbuka asilimia ya Januari inahusu yaliyobaki Januari. Kaya iliyovuna gunia 12 na kubakiwa na mbili haikupoteza asilimia hiyo ya zote 12. Ndiyo maana narudi mara mbili: baada ya mavuno, na kabla ya mavuno mapya.

Sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, usiikadirie kwa macho. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi yenye sumu huweza kuonekana mazima. Sampuli iende maabara. Kwenye kaya uliza tu mahindi yenye ukungu yalifanyiwa nini. "Tuliwapa kuku" na "tulipikia pombe" ziwe na visanduku vyake.

5. Kusafisha data

Tafuta gunia lililomeza debe tisa. Piga simu, huenda ni kweli.