Waya umechomekwa, lakini kasi imegota kwenye 94?

Ukilipia kifurushi cha megabiti 200 au zaidi, na laptopu iliyounganishwa kwa waya kila ukipima inakupa 94 au 95, usikimbilie kumpigia mtoa huduma. Namba hiyo inasema jambo moja wazi: laptopu na ruta zimekubaliana kwenye megabiti 100 badala ya 1000. Kwenye Windows 11, fungua mipangilio ya mtandao, ingia Ethernet, usome kasi ya kiungo (Link speed), yaani kasi ambayo laptopu na ruta zimekubaliana.

Mara nyingi mkosaji ni waya. Ndani yake mna nyaya ndogo nane. Kwa megabiti 100 zinatosha nne, za rangi ya machungwa na kijani. Kwa 1000 zinatakiwa zote nane. Shika kile kichwa cha plastiki, kitazame kwenye mwanga: ya bluu au kahawia ikiwa imekatika au haikufika mwisho, intaneti itaendelea kupatikana, ila polepole. Ndiyo maana watu hawaushuku kabisa!

Jaribu waya mwingine ulioandikwa Cat5e au Cat6. Ikibaki 100, kagua tundu la ruta na adapta ya USB, kama laptopu yako inaitumia kuchomekea waya. Zipo nyingi zisizovuka 100.