Jinsi ya Kula katika Braseri ya Paris

Braseri ni mgahawa mkubwa wa mjini, wenye meza zilizosogezwa karibukaribu, vioo virefu ukutani na wahudumu waliofunga aproni ndefu nyeupe. Kwa asili, neno hilo kwa Kifaransa ni kiwanda cha bia. Braseri ya Bofinger, iliyo karibu na uwanja wa Bastille, ilifunguliwa mwaka 1864 na mtu wa Alsace, jimbo la mashariki mwa Ufaransa linalojulikana kwa bia, na baada ya Ujerumani kulitwaa jimbo hilo mwaka 1871, Waalsace wengine wengi walihamia Paris na kufungua nyumba za namna hiyo. Tofauti na migahawa mingi ya Ufaransa, ambayo hufunga jiko alasiri, braseri nyingi hupika mfululizo tangu mchana hadi usiku.

Kabla hujaingia, soma orodha ya vyakula na bei, ambayo kwa sheria hubandikwa nje. Neno "menu" kwa Wafaransa ni mlo uliokwisha kupangwa kwa bei moja, ilhali orodha nzima huitwa "carte". Vilevile "entrée" ni chakula cha kuanzia, si mlo mkuu kama walivyozoea wanaoishi Marekani.

Mlangoni, salimu kwanza. Kama usivyoingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi, hapa hutaji haja yako kabla ya kusema "Bonjour", au "Bonsoir" ikiwa ni jioni. Nimewasikia wageni wengi wakilalamika kwamba wahudumu wa Paris wana kiburi, na nikiwauliza walianzaje mazungumzo, huwa walianza na agizo. Ukishasalimu, taja idadi yenu, kisha msubiri kuonyeshwa meza.

Kuagiza ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi, hasa kwa msomaji asiyekula nguruwe. "Choucroute", yaani kabichi iliyochachushwa, kwa kawaida huja na soseji na vipande vya nguruwe, na "andouillette" ni soseji ya matumbo ambayo mara nyingi ni ya mnyama huyohuyo. "Lardons" ni vipande vidogo vya nguruwe vinavyoweza kufichika hata ndani ya saladi ambayo ungeidhania ni majani matupu, kwa hiyo uliza bila haya: "Est-ce qu'il y a du porc?", yaani "Je, kuna nguruwe?" Mvinyo nao huingia katika michuzi mingi, na kome wa "marinières" hupikwa kwa mvinyo mweupe. Mimi humshauri mgeni achague "sole meunière", samaki anayepakwa unga, akakaangwa kwa siagi na kutiwa limau, ingawa bei yake si ndogo. Kuhusu nyama ya ng'ombe, "tartare" huliwa mbichi, na hata "à point", yaani iliyoiva kiasi, huwa bado nyekundu katikati. Ukitaka iliyoiva kama ya nyumbani, sema "bien cuit".

Mhudumu akikuuliza unataka maji gani, anakusudia ya chupa, ambayo hulipiwa. Omba "une carafe d'eau" uletewe jagi la maji ya bomba, safi na ya bure. Mkate pia haulipiwi, na ni desturi kuuweka mezani kando ya sahani. Kahawa huja baada ya kitindamlo, wala haiji pamoja nacho mpaka uombe.

Ukimaliza, usikasirike kwamba bili haiji. Kuileta bila kuombwa ni kama kumfukuza mgeni, na meza ni yako hadi useme "L'addition, s'il vous plaît". Malipo ya huduma yamo tayari ndani ya bei, hivyo bahshishi si lazima. Ukiridhika, acha sarafu ya yuro moja au mbili mezani, na utokapo umwage mhudumu kwa "Au revoir".