Somo: Ukisimama ghafla, mwili unaiokoaje presha?

Wapendwa, somo hili tulifanye kwa miili yetu wenyewe. Tafuta mkeka, saa yenye mshale wa sekunde na mtu wa kukaa karibu nawe. Kama una kawaida ya kuzirai, mwachie mwenzako ajaribu.

Hatua ya 1. Lala chali dakika 5. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, uhesabu mapigo ya dakika nzima. Andika.

Hatua ya 2. Simama, vidole vibaki palepale. Utasikia mapigo yanaanza kukimbia, na hapo ndipo penye utamu wote. Ulipoinuka, damu kama nusu lita au zaidi iliteremkia miguuni na tumboni. Inayorudi moyoni ikapungua, presha ikashuka. Sasa, shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika chini ya taya, na kwenye upinde wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, juu ya moyo, kuna ncha za neva zinazohisi jinsi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Ukuta ukilegea, ishara zinazokwenda kwenye shina la ubongo hupungua. Ubongo huelewa mara moja. Huilegeza neva ya vagasi, ambayo muda wote huushikia moyo breki, na ndani ya pigo moja au mawili moyo umeshachanganya. Neva za simpathetiki, zile zinazouamsha mwili kwa dharura, nazo hubana mishipa midogo, ila hilo huchukua sekunde kadhaa. Ndiyo maana wengine huona giza kidogo, kisha likapita.

Hatua ya 3. Baada ya dakika 1 hesabu tena. Kuongezeka mapigo 10 hadi 20 ni kawaida.

MASWALI

Mwalimu, bibi yangu yuko kwenye dawa za presha na akiamka alfajiri anayumba. Aache dawa?

Asiache, tafadhali sana. Apimwe amelala, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, mpelekeeni daktari namba hizo. Kwa sasa akae kwanza ukingoni mwa kitanda achezeshe nyayo, maana misuli ya miguu husukuma damu juu.

Kama vihisi hivyo vipo, mbona presha yangu iko juu miaka yote?

Vimeizoea, ndugu yangu. Presha ikikaa juu siku kadhaa, vihisi huihesabu kuwa ndiyo kawaida na kuanza kuilinda hiyohiyo. Usimamizi wa muda mrefu uko zaidi kwenye figo, zinazopima chumvi na maji ya kubaki mwilini.

Na mtoto akizirai mstarini shuleni?

Mlazeni chali, miguu juu. Msimwinue haraka: akiwa amelala, damu inarudi kichwani bila kupanda mlima.