Jinsi ya Kuomba Likizo ya Mwezi Mmoja Unapompokea Mtoto wa Kuasili

Ukisubiri kumpokea mtoto wa kuasili na umeajiriwa, iwe ni dukani Kisumu au kwenye shamba la maua kule Naivasha, usikimbilie kuchukua siku zako za likizo ya mwaka. Tangu Sheria ya Ajira ya Kenya iliporekebishwa mwaka 2021, kifungu cha 29A kinampa mfanyakazi, wa kike au wa kiume, mwezi mmoja wa likizo kwa mshahara kamili kuanzia siku anapokabidhiwa mtoto. Haki ipo. Kinachowaponyoka watu ni tarehe.

Kwanza hakikisha unahusika. Likizo hii ni ya mtu aliyeajiriwa, na mtoto awe amekabidhiwa kupitia shirika la uasili lililosajiliwa. Ukimleta nyumbani mtoto wa marehemu dada yako kutoka Siaya kwa makubaliano ya ukoo, umefanya jambo la heshima, lakini huna karatasi ambazo sheria inazitaka. Anayeuza mitumba katika soko la Kibuye naye hana mwajiri wa kumwandikia. Mwezi huo ataulipia kwa akiba yake. Mke na mume walioajiriwa na wanaoasili pamoja, kila mmoja apeleke barua yake kwa mwajiri wake.

Anzia kwa shirika, si kwa mwajiri. Pindi tu unapoambiwa kuna mtoto, uliza mambo mawili: utakabidhiwa tarehe gani, na karatasi zitatiwa sahihi lini. Mwajiri anapaswa kuarifiwa kwa maandishi angalau siku 14 kabla ya makabidhiano, na barua iambatane na ushahidi kwamba shirika linakusudia kukupa mtoto, ukiwemo mkataba wa malezi kati yako na shirika pamoja na hati ya shirika inayokuruhusu kumtoa mtoto mikononi mwake. Hapo ndipo pa kuteleza. Hati hizo zikitiwa sahihi siku yenyewe ya kumchukua mtoto, haziwezi kuwa zimeambatishwa kwenye barua ya wiki mbili nyuma. Kwa hiyo liombe shirika litie sahihi mapema. Likishindwa, likupe barua yenye nembo na muhuri wake, inayotaja kusudio la kukukabidhi mtoto na tarehe, nawe uandike wazi kwamba hati zilizobaki utazileta siku ya makabidhiano. Usikae kimya ukisubiri karatasi zitimie, kwa maana siku zinazidi kuhesabika.

Hesabu kwa kurudi nyuma. Ukikabidhiwa mtoto tarehe 22, barua iwe imepokelewa kufikia tarehe 8. Tarehe 7 ni salama zaidi.

Barua yenyewe iwe fupi. Ofisi nyingi huandikiana kwa Kiingereza, lakini yaliyomo ni haya:

"Naarifu kwamba shirika la uasili (jina) linakusudia kunikabidhi mtoto tarehe (siku, mwezi, mwaka). Kwa mujibu wa kifungu cha 29A cha Sheria ya Ajira, naomba likizo ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili kuanzia tarehe hiyo. Nimeambatisha mkataba wa malezi na hati ya kumtoa mtoto. Nitarejea kazini tarehe (…)."

Weka namba yako ya kazi, tia sahihi, toa nakala mbili. Moja ibaki kwa rasilimali watu, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uende nayo nyumbani. Kama kazini kwenu maombi hupitia kwenye mfumo wa kompyuta, jaza huko pia, ila barua usiiache: mifumo mingine ina likizo ya uzazi tu, na humo utaulizwa tarehe ya kujifungua.

Ulinde pia usiri wa mtoto. Mwajiri hahitaji kujua mama mzazi ni nani wala mtoto aliokotwa wapi. Ripoti ya ustawi wa jamii isiingie kwenye faili lako la kazi hata kama afisa anaitaka "kwa kumbukumbu".

Kuna karatasi nyingine tatu ambazo huenda ukadaiwa bila sababu. Barua ya daktari haihusiki, hukujifungua. Cheti cha kuzaliwa hakimo katika masharti ya kifungu hiki, na mtoto aliyetelekezwa huenda hana. Amri ya mahakama ndiyo inayochosha kuieleza: Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mtoto awe amekaa nawe miezi 3 mfululizo kabla hujawasilisha ombi mahakamani, hivyo amri haiwezi kuwepo siku anapoingia nyumbani. Mwonyeshe afisa kifungu chenyewe. Likizo imewekwa kwa ajili ya kipindi hicho cha kabla ya mahakama.

Tarehe ya makabidhiano ikisogezwa, andika tena siku hiyohiyo ukitaja barua ya kwanza. Likizo hufuata siku ya makabidhiano, si siku uliyoomba, kwa hiyo usiondoke kazini mpaka shirika lithibitishe.

Mwezi mmoja unafunika theluthi tu ya ile miezi 3. Likizo ya mwaka, isiyopungua siku 21 za kazi kwa aliyetimiza miezi 12, inaweza kuunganishwa mwishoni, lakini hiyo ni ya kukubaliana na mwajiri. Iombe kwa barua ya pili, isichanganywe na hii.

Siku ya kumchukua mtoto, usitoke bila kitabu chake cha kliniki. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 huandikwa humo, na kama hazikuandikwa, kliniki haitajua alifika wapi. Katika sehemu za magharibi ambako chanjo ya malaria inatolewa, dozi ya kwanza ni akiwa na miezi 6, kisha 7 na 9, na ya nne baadaye. Uliza pia anakunywa maziwa gani ya kopo, vijiko vingapi kwa maji kiasi gani, na saa ngapi. Ondoka na kopo la aina ileile. Maji yachemshwe, yasikae zaidi ya nusu saa kabla ya kukoroga, kisha maziwa yapozwe mpaka yawe vuguvugu. Yanayobaki kwenye chupa yamwagwe.

Mwajiri akikataa, omba kukataa kwake kwa maandishi, kisha upeleke nakala yako yenye muhuri kwa ofisi ya kazi ya kaunti, au kwa chama chenu kama mnacho. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina vituo Kisumu na Nakuru. Ukirudi baada ya likizo, kazi yako inakungoja, au nyingine inayokufaa yenye masharti yasiyo duni kuliko ya awali. Ukiwekwa kwingine kwa mshahara mdogo, hilo nalo ni lalamiko la kupeleka kwenye ofisi hiyohiyo.